Mtoto wa jicho hatolewi kwa vidonge, jamani!

Najua mnasubiri stori za UE, zitakuja. Leo nina hasira na naimalizia hapa hapa.

Kuna biashara imeingia hosteli. Jamaa wanapita chumba kwa chumba na makopo ya vidonge, eti okoa macho ya wazazi wako, epuka kisu. Wanasema operesheni ya mtoto wa jicho inazalisha "radikali huru" zinazoua jicho, ila vidonge vyao vinayeyusha utando taratibu. Watu wanatoa boom, wanatuma kopo kijijini, na mzee anaahirisha kwenda hospitali. Mimi nasomea kufundisha Baiolojia. Nikinyamaza hapa, darasani nitakwenda kusema nini?

Nusu ya maneno yao ni kweli, na hapo ndipo wanapotunasa. Ile operesheni ya mashine, aliyoianzisha Charles Kelman wa Marekani mwaka 1967, inavunja lenzi kwa mawimbi ya altrasaundi. Mawimbi yale yanatengeneza vipovu kwenye maji ya jicho, vipovu vinapasuka, na radikali zinazaliwa. Zinaweza kudhuru seli za ndani ya konea, kile kioo cha mbele. Mtu mzima ana kama 2,500 hivi kwa kila milimita mraba, na zikifa hazizaliwi nyingine. Zikipungua mno, konea inavimba na kupata ukungu.

Sasa nusu wasiyoisema. Madaktari wanalijua hilo zamani! Kabla ya kuvunja lenzi wanajaza jeli ndani ya jicho. Jeli yenye asidi ya hayaluroniki inazikinga seli zisiguswe, na pia inanasa radikali. Maji mengine ya kusafishia jicho wakati wa operesheni yanatiwa glutathioni kwa ajili ya seli hizo hizo. Mwaka 2003 watafiti wa Israel walichapisha jaribio la sungura: maji yakiwa na vitamini C, seli zilizokufa zilipungua sana. Ni sungura, sawa, lakini mnaona kinga inawekwa wapi? Ndani ya jicho, dakika ile ile ya operesheni. Siyo kwenye kopo chini ya kitanda.

Na vidonge je? Marekani walifanya utafiti mkubwa unaoitwa AREDS. Watu walimeza vitamini C, E na beta-karotini kwa dozi kubwa, miaka na miaka. Matokeo ya 2001: mtoto wa jicho hakuzuilika wala hakupunguzwa kasi. Halafu huyo siyo utando wa kuyeyusha. Ni lenzi yenyewe, protini zake zimeharibika na kushikana. Yai likishachemka, utalirudisha ubichi kwa kidonge?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Lenzi ikiachwa inazidi kuwa ngumu. Lenzi ngumu inataka altrasaundi nyingi zaidi kuivunja, na altrasaundi nyingi ni radikali nyingi. Kwa hiyo anayemchelewesha mzee kwa jina la kumwepusha na radikali, anamwandalia nyingi zaidi! Huo ni ulinzi gani?

Najua mtaniambia hospitali zetu nyingi hazina mashine hiyo. Sawa, zipo zinazotoa lenzi kwa mkono kupitia tundu dogo, bila altrasaundi kabisa. Hapo hofu ya vipovu haipo hata kidogo, na jeli bado inatumika kukinga konea. Sasa jamaa wa makopo watamtisha mzee kwa kitu gani?

Ukienda kumsindikiza mzazi, muulize daktari: mtatumia njia gani, na konea mtaikinga vipi? Swali hilo ni bure. Nauli ya kumfikisha hospitali itoe kwenye ile hela ya kopo.

Anayeuza na apinge hapa chini kwa hoja, siyo matusi. Nawasilisha.