Ngoma na Hadithi za Waskoti Si Upuuzi



Wako wenzetu wasemao kwamba kitabu ni cha mwenye akili, ngoma ni ya mwenye nafasi, na hadithi za bibi ni za kuwalaza watoto. Mimi siafikiani nao. Naomba nilete ushahidi kutoka Uskoti, nchi ambayo fasihi yake imenifurahisha sana.

Mtazameni Robert Burns, mshairi ambaye Waskoti humkumbuka kwa karamu kila tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa mwaka 1759 katika kijiji cha Alloway. Baba yake alikuwa mkulima, naye mwenyewe alilima. Utotoni alisikia hadithi nyingi za wachawi na mizimu kutoka kwa mwanamke mzee aliyekaa nyumbani kwao. Alipokuwa kijana alikwenda kujifunza kucheza ngoma za kijijini, ingawa baba yake hakupenda hata kidogo. Wazazi wasomao gazeti hili, nawaomba msikasirike. Ngojeni kwanza muone matunda yake.

Katika shairi lake liitwalo Tam o' Shanter, lililopigwa chapa mwaka 1791, mlevi mmoja arudi nyumbani usiku wa dhoruba. Afikapo penye gofu la kanisa la Alloway awaona wachawi wakicheza, na Ibilisi mwenyewe akiwapigia zumari yenye mfuko. Ngoma wanazocheza si za kuzimu, bali ni zile zile za wanakijiji. Sasa ondoeni hadithi za yule mzee, ondoeni na ngoma: shairi litabaki na nini? Litabaki na mlevi na farasi wake tu.

Tena ngoma hizo zina adabu yake. Mara nyingi huchezwa na watu wanane, wanaume wanne mstari mmoja na wanawake wanne wakiwaelekea, huku fidla au kodiani ikilia. Kila jozi hupata zamu yake ya kuongoza. Asiyengoja zamu huwavurugia wote saba waliobaki. Je, hilo si somo?

Lakini mali hiyo ilikuwa karibu kupotea. Ngoma mpya za mijini zilipoenea, za zamani zilianza kusahauliwa. Mwaka 1923, mjini Glasgow, mwalimu Jean Milligan na mwenzake Ysobel Stewart walianzisha chama cha kuzihifadhi. Waliwauliza wazee, wakapekua vitabu vya kale, kisha wakawafundisha watu. Leo ngoma hizo huchezwa katika nchi nyingi za dunia.

Yafaa tukumbuke pia kwamba shule zaweza kuharibu. Sheria ya elimu ya Uskoti ya mwaka 1872 haikuitaja kabisa lugha ya Kigaeli, na wako watoto waliopigwa shuleni kwa kuisema. Wengi walipokua hawakuwafundisha watoto wao, na hadithi nyingi zilizikwa pamoja na wazee. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha idara ya kurekodi sauti za wazee waliobaki. Ilikuwa kazi njema, lakini aliyekwisha kufa harekodiwi.

Basi, maoni yangu ni haya. Tusomapo mashairi ya Waskoti, waalimu watusimulie na hadithi zake, na jioni moja watufundishe ngoma moja ya watu wanane, ili tuonje kitu kizima wala si ganda lake. Na likizo ijayo, kila mmoja wetu aende kwa babu au bibi yake na daftari mkononi, akaulize hadithi moja na wimbo mmoja, aandike, kisha atuletee hapa gazetini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Waskoti waliliona hilo wakiwa wamechelewa. Sisi tusingoje.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne