NYUMBA ZA HARAKA, LAKINI ZA NANI?

Mgala muue na haki yake mpe. Serikali inapotenga fedha ili miji midogo ya Kenya ijengewe nyumba upesi, haitendi ubaya. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, na mama anayelala na wanawe watano katika chumba kimoja cha mabati hawezi kuambiwa angoje kizazi kijacho. Tunachokipinga ni dhana kwamba wingi wa matofali ndio haki yenyewe.

Fedha hizi si hisani ya mtu. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipotiwa sahihi Machi 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Bawabu wa shilingi 16,000 hutoa 240 kila mwezi. Sheria hiyo yamtambua: wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 wametajiwa nyumba za kijamii. Basi bawabu huyu si mwombaji mlangoni. Ni mmoja wa wajenzi. Je, siku ya kugawa funguo jina lake litasomwa?

Tuna sababu ya kuuliza. Mradi wa Dandora, ulioanza katikati ya miaka ya 1970, ulikusudiwa kuwapa watu wa kipato cha chini viwanja vyenye maji na choo wajijengee. Baada ya muda viwanja vingi viliangukia mikononi mwa wenye nacho, na maskini wakawa wapangaji palepale. Nako Muoroto, jijini Nairobi, mabanda yalivunjwa Mei 1990 na wakaaji wake wakatawanywa. Huko Dandora makazi yalikuja yakampita maskini. Huku Muoroto alifukuzwa bila makazi mengine.

Mji mdogo u hatarini zaidi. Ardhi ya umma ni haba, na mara nyingi ndiko waliko wapangaji wa nyumba za zamani za baraza na wachuuzi wa soko. Wakubwa wanajuana; orodha ya majina yaweza kukamilika faraghani kabla ya tangazo kubandikwa. Na nyumba zikisimama pasipo mfereji wa maji taka, uchafu wake huteremkia wale wale waliokosa funguo.

Watatuambia kwamba maendeleo hayangoji maswali. Twajibu kuwa maswali yaliyokwepwa ndiyo yanayochelewesha kazi. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba makato haya, kama yalivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka huo, yalikiuka Katiba, na ikabidi Bunge litunge sheria mpya. Haraka ile ilileta faida gani?

Ndugu viongozi wa jumuiya, mradi ukitangazwa mjini kwenu, msikae kimya barazani. Ulizeni: wanaoishi kwenye kiwanja hicho watahamia wapi, na kwa gharama ya nani? Ni nyumba ngapi zitakuwa za wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000? Nani ataandika orodha, na itabandikwa wapi? Maji safi yatatoka wapi, na maji taka yataelekea wapi?

Mtakaporidhika na majibu, shangilieni pamoja na wengine. Hadi hapo, dai letu ni moja: majibu yatolewe hadharani, na kwa maandishi, kabla ya tingatinga kuwashwa.