Andikeni majina kwenye karatasi za kwaya

Kila kwaya ya parokia hapa Nyeri ina faili la karatasi za solfa zilizotolewa fotokopi hadi zimefifia. Nyingi hazina jina la mtunzi, na zilizo nalo, jina ni la mwalimu wa kwaya. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na hili linanikera.

Tazama Missa Luba, misa kutoka Kongo. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1953, na huko Kamina, Katanga, akaunda kwaya ya wavulana wapatao 45 na walimu 15 wa shule. Akaiita kwa Kifaransa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa kwao. Misa hiyo ya Kilatini iliimbwa Kamina mwaka 1958, na mwaka huohuo kwaya ikazuru Ulaya na kuimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado haujaanza, na muziki wa kienyeji bado ulikuwa nadra kanisani.

Isikilize Kyrie yake. Kiongozi anaita peke yake, kwaya inamwitikia kwa chini, na sauti inashuka kama ya mtu aliyefiwa, kwa sababu imejengwa juu ya kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Sanctus imetoka kwenye wimbo wa kuagana. Ikifika Hosanna, ngoma zinachangamka ghafla na hata besi wangu, wagumu kama mti wa mugumo, hutikisa mabega.

Jina linalojulikana duniani ni la Haazen. Lakini sehemu kubwa ya misa ile haikuandikwa kwanza kwa noti: waimbaji wenyewe waliibuni wakiimba, kila mmoja akijua nyimbo za kwao. Sauti inayoongoza ni ya Joachim Ngoi, mwalimu wa shule. Ni wangapi kati yetu tumewahi kulisikia jina hilo? Mwaka 1968 Sanctus iliingia kwenye filamu ya Kiingereza, if...., na mwaka 1990 Wakenya wa Muungano National Choir, wakiongozwa na Boniface Mganga, wakairekodi misa hiyo upya. Kazi ikaenda mbali kuliko jina la Ngoi.

Simpunguzii Haazen sifa. Aliyewahi kusimama mbele ya teno waliochelewa kwa sababu ya kuchuma kahawa anajua kwamba kuwaunganisha watoto 45 si mchezo. Bila yeye nyimbo zile zingebaki kijijini. Lakini kuongoza ni kazi moja na kutunga ni nyingine.

Huku kwetu nimeona mama mmoja wa alto, mkazi wa Tetu, akiimba wakati wa mapumziko wimbo wa kupalilia shamba aliofundishwa na nyanya yake. Mwalimu aliyekuwepo aliudaka, akaupangia sauti nne, akatia maneno ya matoleo. Leo unaimbwa kwenye harusi, uko YouTube, na jina ni la mwalimu. Huyo mama anaposimama pale mstari wa pili hakuna anayemtazama.

Najua jibu: tunamwimbia Mungu, majina ya nini? Sawa, basi lifutwe na la mwalimu. Likibaki moja, yabaki yote.

Walimu wenzangu, juu ya kila karatasi andikeni mistari mitatu: wimbo umetoka kwa nani, nani ameupangia sauti, na ni wapi na mwaka gani. Anzeni na mazoezi ya Jumamosi hii, wakati wazee wa kwaya wa kuulizwa wangali hai.