Mkunga Yupo, Mwosha Yupo

KUSI NA KASKAZI
Na Bi Msumeno

Jumatatu asubuhi nilikwenda hospitali kupima presha. Kabla hamjaanza kunipigia simu: ni mzima, na mnazi wa jirani uliolalia paa langu bado haujaondolewa. Presha ilikuwa nzuri nilipofika. Iliharibikia kwenye benchi.

Saa moja na nusu aliingia mwalimu mmoja wa skuli ya msingi, anamsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu ambacho gurudumu lake la kushoto lina safari yake lenyewe. Bibi alipata kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia umelala, na katika maneno yote aliyokuwa nayo duniani yamembakia matatu: "lete", "basi", na jina la mwanawe aliyezama baharini zamani. Mapajani pake pamepangwa madaftari ya darasa la sita. Kila foleni ikisimama, mwalimu anachomoa kalamu nyekundu, anasahihisha mawili matatu juu ya magoti ya mama yake, kisha anasukuma tena.

Dirisha la kwanza, faili halionekani. La pili, faili limeonekana, jina la babu limekosewa, arudi dirisha la kwanza. Kufika chumbani, daktari aliyemzoea bibi kahamishwa. Aliyepo ni kijana mgeni, mpole, akauliza: "Anatumia dawa gani?" Mlango ulikuwa wazi, na masikio yangu mnayajua. Mwalimu akamimina mfuko wa plastiki juu ya meza. Kijana akazipanga zile dawa, akazitazama, akainua pakiti mbili. "Hii na hii ni dawa moja. Boksi tu ndiyo mbali." Moja iliandikwa hapa, ya pili iliandikwa kwengine, na kwa miezi miwili bibi alikuwa anameza zote.

Mwalimu hakujibu kitu. Baadaye, nje, aliniambia kuwa katika miezi hiyo miwili mama yake alikuwa haishi kizunguzungu, kaanguka mara mbili msalani, na yeye alikuwa akijilaumu kwa kuacha sakafu na maji.

Simu ikalia. Mwalimu mkuu. Darasa la sita wako peke yao, na hii ni mara ya tatu mwezi huu. "Niko njiani," akasema mwalimu, naye yuko dirisha la dawa, mbele yake watu kumi na wanne.

Sasa hapo ndipo bwana aliyekaa kando yangu, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, alipovuta pumzi ya kuridhika. "Alhamdulillahi," akasema, "sisi Wapemba hatutupi wazee wetu. Wazungu ndio wanaowatupa." Benchi zima likaitikia kwa vichwa.

"Na mama yako wewe yuko wapi?" nikamwuliza.

"Yupo nyumbani, Mkoani."

"Yuko na nani?"

"Na dada yangu."

"Dada anafanya kazi?"

"Alikuwa akifanya."

Basi presha ikapanda hapo, na nesi ameiandika.

Ni kweli, wazee hatuwatupi. Tunamtupia mtu mmoja. Ukoo unakuwa na watu arubaini siku ya kugawana shamba la mikarafuu, lakini siku ya kliniki unabaki na mmoja, na nikiweka dau huo mnazi wa jirani kuwa ni mwanamke, sitaupoteza, ingawa natamani niupoteze. Nina kaka yuko Muscat, hunitumia ujumbe wa sauti saa sita za usiku. Mama yetu alipougua, Mungu amrehemu, kila usiku ilinifikia sauti ya dakika nne: mpelekeni kwa bingwa, mfanyisheni mazoezi, msimpe chumvi. Msimpe, mpelekeni, kana kwamba tulikuwa kikosi. Nilikuwa peke yangu na ndoo. Fedha alileta, simkanushi, na kiti cha magurudumu alikituma yeye. Ila riali haikai foleni, wala haijui kama rufaa ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, inataka picha mpya au ya zamani itatosha, jambo ambalo miye nililijua baada ya kuvuka bahari na mgonjwa na picha ya zamani.

Huko Bara, sheria ya kazi ilipotungwa mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi siku 4 za ruhusa yenye malipo mtoto wake akiugua au akifa. Na mzazi? Akifa. Yetu ni sheria nyingine, lakini moyo wa mabosi ni mmoja pande zote mbili za maji: kwenda kumzika mama ni ruhusa, kumpeleka kliniki ni utoro.

Kinachoniudhi zaidi ni kuwa sisi si watu wa kuachia mambo yajiendee. Kila kituo cha maisha tumekiwekea mtu wake. Kuzaliwa kuna mkunga. Posa ina mshenga. Mwari ana somo wake. Ukenda Makka, msafara una kiongozi, anakwambia viatu uviache wapi. Ukifa, mwosha yupo. Hakuna katika hao anayekupenda kuliko mama yako, wala hatukuwaweka kwa mapenzi. Tumewaweka kwa kuwa njia wameshaipita mara nyingi, wanajua pana shimo wapi. Uzee wenye maradhi ndio pekee tuliouachia mtoto wa kike aingie gizani kwa mara ya kwanza, kila mmoja kwa kiza chake, na akitoka anachokijua anakwenda nacho jikoni.

Wajapani walianzisha bima ya kuuguza wazee mwaka 2000, na ndani yake wakaweka mtu ambaye kazi yake ndiyo hiyo hasa. Haogeshi, hatoi sindano. Anakuja nyumbani, anamtazama mzee, anakaa na mtoto wake anayefanya kazi, anaandika nani aje siku gani, nini kifanywe, na kila mwezi anarudi kuangalia kama mpango unakwenda. Najua mtasema Japani ina fedha. Nyamazeni kidogo.

Jumatano kaja kwangu yule binti wa Jamii ni Afya, wale wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na simu yenye programu. Mpango wao ulijengwa juu ya mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5, na kwa hao wanajitahidi: alijua sindano ya mjukuu wangu inayofuata kabla mama yake hajaikumbuka. Kisha akapita mbele ya kitanda cha kamba alicholala shangazi yangu, miaka themanini na zaidi, miguu imevimba. "Shikamoo, bi mkubwa," akasema kwa adabu kubwa, akatoka. Simu haikumwuliza juu ya shangazi, naye hakuulizwa na mtu mwengine.

Wala msinitajie Pensheni Jamii. Naijua na naishukuru: tangu Aprili 2016 kila Mzanzibari wa miaka 70 na zaidi anapewa, ilianza kwa shilingi 20,000 na baadaye ikafikia 50,000. Sheria ya mambo ya wazee ya 2020 nayo ipo. Na kwa asiye na mtu kabisa kuna nyumba ya wazee ya Limbani, Wete, ambayo ukiitaja mbele ya Mpemba ni kama umemtukania mzazi. Baina ya elfu hamsini na Limbani pana bonde refu, na yule mwalimu yumo humo na madaftari yake.

Kila shehia ikiwa na mtu mmoja wa kulijua bonde hilo, mtu anayelipwa, pakiti mbili zingekutana mapema. Mwalimu mkuu angepigiwa simu na mtu asiyelazimika kusema uongo. Na kaka wa Muscat angekuwa na wa kumtumia sauti zake. Nina hakika angemlipa, ili mradi apokee saa sita za usiku.

Turudi kwenye benchi. Mwalimu alipata dawa saa sita kasoro, akayapanga madaftari, akageuza kiti. Bwana wa kanzu akainuka nusu, akampa maneno: asubiri, asichoke, radhi za mama ni pepo.

Nikamwuliza, ikiwa ni pepo, mbona yote kamwachia dada yake?

Ikaitwa namba. Haikuwa yake, lakini alikwenda nayo.