Baraza za bao zinabomolewa, na mabingwa wanakwenda nazo

Mtangazaji wa redio hupaza sauti "bao!" kila mpira unapoingia wavuni, na mfanyabiashara aliyezidiwa maarifa husema kapigwa bao. Neno halijapotea. Lakini mwombe kijana wa miaka 20 wa Ilala au Magomeni akuoneshe nyumba iko wapi kwenye ubao, au akueleze kunamua ni kufanya nini, na mara nyingi utamwona akicheka tu. Wanaojua ni babu zake, na babu hao wanapungua kila mwaka. Gazeti hili linapiga mbiu leo kwa sababu hiyo.

Kwa asiyelijua: bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Hizo za mkononi huingizwa mojamoja, ndiyo namua; zikimalizika, mchezo unaingia kwenye mtaji. Mkono mmoja waweza kula, ukasambaza, ukala tena na kuzunguka ubao mara kadhaa kabla haujalala, na bingwa huuona mwendo wote huo kabla kidole hakijagusa kete. Hesabu ya namna hiyo haifundishwi kwa maandishi. Mtoto alitumwa kahawa, akarudi nayo, akasimama nyuma ya wazee. Aliwasikia wakibishana kwamba fulani angetakata upande wa pili. Akasimama hivyo miaka, hadi siku moja mchezaji mmoja hakufika na yeye akaambiwa: kaa hapo.

Sasa "hapo" ndipo panapoondoka. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala zilikuwa na baraza kwa mbele, na baraza hiyo ilikuwa ya mtaa mzima. Nyumba zinabomolewa, yanapanda maghorofa, na chini zinapangwa fremu za maduka hadi ukingoni mwa barabara. Mwenye kiwanja ana haki ya kujenga, hatumzuii. Tunachouliza ni kwa nini ramani inayopitishwa na halmashauri haiachi hata hatua nne za kivuli ambapo watu wanaweza kukaa bila kununua kitu. Zanzibar, Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na baraza zake za mawe zimesimama. Ukifika Jaws Corner utawakuta watu na kahawa na dhumna. Lakini baraza nyingine mjini humo zimegeuka meza za kupangia vinyago.

Na katika vinyago hivyo mabao yamo tele. Yameunganishwa kwa bawaba yapate kukunjwa na kuingia kwenye begi la mgeni, mashimo yake hayana kina cha kuchota kete, na mengine nyumba imechongwa duara sawa na mashimo mengine, kana kwamba aliyechonga hajawahi kuliona bao likichezwa. Hatumlaumu fundi, maana anachonga kinachonunuliwa. Bao la mchezaji ni zito, la mninga au mvule, na mkono huingia shimoni bila jicho kusaidia. Asipokuwepo wa kuliagiza, ufundi wa kulichonga nao unakwisha.

Viongozi wetu hawajasaidia. Mara kwa mara hutoka tangazo la kupiga marufuku bao saa za kazi, na wacheza bao wanatajwa kama wazururaji. Mitaani humohumo mashine za kamari zinameza sarafu za vijana tangu asubuhi kwa leseni halali. Mchezo usiomgharimu mtu senti, unaofundisha kuhesabu na kusubiri, ndio unaofukuzwa. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, na picha zake akilicheza zipo. Hatukumbuki aliyemwita mvivu.

Kosa la vijiwe vyenyewe tusilifiche. Vilikuwa vya wanaume. Wasichana walipita mbele ya vijiwe hivyo, hawakukaribishwa kukaa, na hivyo nusu ya watu ambao leo wangekuwa wakiwafundisha watoto bao hawakufundishwa wao. Atakayeanzisha kijiwe kipya akianza na kosa hilo, tutampinga.

Wengine wameshaona thamani tusiyoiona. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alichapisha kitabu kuhusu umahiri wa mabingwa wa bao, utafiti uliomleta Zanzibar. Mwaka 2020 Kazakhstan, Kirigizistani na Uturuki ziliiandikisha UNESCO michezo yao ya jamii moja na bao, na wakati wa kuiandikisha zilikuwa na vijana wanaoicheza. Wizara zetu za utamaduni, Bara na Visiwani, zianze kazi hiyo kwa kuwafuata wazee waliobaki na kuwarekodi wakicheza na kueleza kila mkono, kwa majina yote ya mchezo: kichwa, kimbi, mtaji, kutakata, kulala. Maneno hayo hutamkwa ubaoni. Nje ya ubao hayana pa kukaa.

Shule nazo hazihitaji kusubiri waraka. Lipo bao la kujifunza, jepesi kuliko hili la wakubwa, na mtoto wa darasa la tatu analiweza. Mashimo yanaweza kuchimbwa ardhini chini ya mwembe wa shule, na komwe za kuchezea kama kete bado zinaokotwa kwenye vichaka vya ufukweni. Kinachotakiwa ni mzee mmoja wa mtaa huo kualikwa Ijumaa mchana, apewe kiti na kahawa, na wasichana wakae mstari wa mbele.