Salamu za Bata na Akidi ya Watu 14

Wanachama wanaotupigia simu wiki hii wanauliza jambo moja: nani kaifuta saa ya salamu kwenye semina ya wageni? Watu 14. Katiba yetu, kifungu cha 11(b), inataka akidi ya watu 25 na notisi ya siku 21. Notisi iliingia kwenye kundi la WhatsApp Ijumaa usiku, mkutano ukawa Jumapili. Mwenyekiti akawahesabu na waliotuma udhuru, akapata 26. Ndugu mwenyekiti, aliyelala na mafua Nottingham hawezi kunyoosha mkono ukumbini Derby.

Kamati inasema salamu za Kiingereza kila mtu alifundishwa shuleni. Kweli, tulisimama darasa zima tukaitikia "Fine, thank you, teacher". Huku mtaani nani kaisikia? Huku ni "Ey up, me duck", na mama mmoja wa kwetu, alipoitwa bata na dereva wa basi, alishuka kwa hasira kituo kisicho chake. Angekuwa Newcastle angeitwa "pet", mnyama wa kufugwa. Bristol wangemwita "my lover", sijui angeshukia wapi. Hakuna tusi hapo. Ni kama konda wa Dar anavyomwita abiria "anti".

Linaloumiza zaidi ni "You all right?". Kijana wetu anayetunza wazee aliambiwa hivyo na msimamizi wake mlangoni. Akadhani kaonekana mgonjwa, akaanza kueleza habari za mgongo. Kugeuka, msimamizi keshafika mwisho wa korido. Swali lile hujibiwa kwa swali lile lile, "All right?", kila mtu akaenda zake. Sisi nasi husema "sijambo" hata tukiwa na homa, lakini nyuma yake kuna "ila": sijambo, ila mtoto amelazwa. Mwingereza wa mlangoni hiyo "ila" haisubiri. Kitabu cha darasa la tano hakikuyasema hayo, na ndiyo yaliyokuwa yakifundishwa saa ile iliyofutwa.

Wapo wanaotaka muda huo wapewe watoto wafundishwe shikamoo, maana wanawapita wazee kwa "hi" na simu mkononi. Sina ugomvi na shikamoo. Leteni hoja, itolewe notisi, tupige kura.

Ila kulalamika kwenye simu si kura. Wanachama waliolipa ada ni 61. Mkutano maalumu unahitaji saini 20, na fomu iko kwa katibu. Mpaka tunakwenda mitamboni zimo 9, moja ikiwa ya mume na mke waliobanana kwenye mstari mmoja. Katibu anaihesabu moja. Wenyewe mnajijua: rudini mkasaini upya, kila mtu mstari wake, kabla ya tarehe 30.