Tangazo liko kwenye simu, lakini nani anaweza kulisoma?

Halmashauri inatuma tangazo la mbolea ya ruzuku kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Karatasi imechapwa, imesainiwa, imegongwa muhuri, kisha imepigwa picha. Ndani ya dakika chache kijiji kizima kimeipata. Lakini mkulima asiyeona, ambaye simu yake humsomea ujumbe kwa sauti, anaambiwa tu kwamba ametumiwa picha. Tarehe ya mwisho ya kujiandikisha imo ndani ya picha hiyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa vitabu vya shule, fomu za mikopo, matangazo ya kazi na magazeti ya mtandaoni. Katika makala haya tunaeleza kwa nini chapisho linaweza kuwa kwenye simu ya mtu na bado likawa limefungwa kwake, sheria na mikataba imefika wapi, na kazi iliyobaki ni ya nani.

Simu inasomaje kwa sauti?

Simu nyingi za Android huja na programu iitwayo TalkBack. Simu za iPhone zina VoiceOver. Ukiwasha programu hiyo, ukigusa sehemu yoyote ya kioo simu inataja kilichopo hapo, na ukigonga mara mbili inakifungua. Kwa kompyuta ipo NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni. Wengine huunganisha simu na kifaa cha nukta nundu, ambacho vinundu vyake hupanda na kushuka chini ya vidole.

Programu hizi husoma herufi. Picha ya karatasi haina herufi. Kwa simu, picha ya tangazo ni rangi tu zilizopangwa, sawa na picha ya ng'ombe au ya mlima. Ndiyo maana mafaili mawili ya PDF yanaweza kufanana kabisa machoni, moja likasomeka kwa sauti na jingine likanyamaza. La kwanza limeandikwa kwenye kompyuta na kuhifadhiwa moja kwa moja. La pili limechapishwa kwenye karatasi, kisha karatasi ikaskaniwa.

Zipo programu zinazojaribu kutambua herufi ndani ya picha, kama Lookout ya Google. Zinasaidia, lakini zina mipaka. Muhuri ukipita juu ya maneno, karatasi ikipigwa picha kwa upande, au habari ikiwekwa kwenye jedwali, maneno huchanganyika na tarakimu hubadilika. Katika barua ya salamu kosa la tarakimu moja halina madhara. Katika namba ya malipo au tarehe ya mtihani, linaweza kumgharimu mtu mwaka mzima.

Wanaoachwa nje ni wengi

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu bilioni 1.3 duniani wana ulemavu mkubwa, yaani karibu mtu 1 kati ya 6. Si wote wanaozuiwa na kitu kimoja. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na wanahitaji herufi kubwa. Ukurasa wa PDF ukikuzwa, mstari unatoka nje ya kioo, na msomaji analazimika kuuvuta kushoto na kulia kila mstari. Kitabu kilichotengenezwa kwa mfumo wa EPUB hujipanga upya kulingana na ukubwa wa herufi anaoutaka msomaji.

Kiziwi anakwama kwenye video isiyo na maandishi wala mkalimani wa lugha ya alama. Anakwama pia kwenye redio, na hii ni sababu mojawapo ya sisi kuweka makala za maandishi kama hii. Wapo wenye disleksia, ambao herufi huwachanganya ingawa macho yao ni mazima. Wapo wasioweza kushika kitabu na kufunua kurasa. Na wapo bibi na babu zetu wenye mtoto wa jicho, ambao hawajawahi kujiita watu wenye ulemavu.

Husemwa kwamba asiyeona anaweza kusomewa na mtoto au jirani. Ni kweli, na wengi wanaishi hivyo. Lakini anayesomewa hana siri. Majibu ya kliniki, salio la akaunti, barua ya mahakama kuhusu shamba, vyote vinapita kwanza machoni pa mtu mwingine. Na msomaji huyo akiwa ndiye mwenye tamaa ya shamba lenyewe, mwenye mali hana namna ya kuhakikisha alichosomewa.

Mkataba wa Marrakesh ulifungua nini?

Kwa miaka mingi kikwazo kimoja kilikuwa hakimiliki. Maktaba au shule iliyotaka kukigeuza kitabu kuwa cha nukta nundu au cha sauti ililazimika, katika nchi nyingi, kuomba ruhusa ya mwenye kitabu. Umoja wa Wasioona Duniani ulikadiria kuwa chini ya asilimia 10 ya vitabu vinavyochapishwa hupatikana kwa namna ambayo asiyeona anaweza kuisoma, na hali ni mbaya zaidi katika nchi maskini.

Tarehe 27 Juni 2013, mjini Marrakesh nchini Morocco, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, zilipitisha mkataba wa kuondoa kikwazo hicho. Ulianza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Mkataba unazitaka nchi zilizojiunga kuruhusu taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala maalumu bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Wanaonufaika ni wasioona, wenye uoni hafifu, wenye shida ya kusoma kama disleksia, na wasioweza kushika kitabu kwa sababu ya ulemavu wa mwili.

Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020. Kenya pia iliingiza mambo hayo katika marekebisho ya sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna faida ya pekee. Mkataba unaruhusu nakala hizo kuvuka mpaka kati ya nchi wanachama. Riwaya ya Kiswahili iliyogeuzwa kuwa ya sauti Nairobi inaweza kutumwa Dodoma kwa njia halali, na kamusi ya nukta nundu iliyotengenezwa Tanzania ikatumika Mombasa. Lugha ni moja, kwa hiyo hakuna haja ya kazi ile ile kufanywa mara mbili.

Pengo liko wapi?

Mkataba unatoa ruhusa ya kurekebisha kitabu baada ya kutoka. Haumlazimishi anayekitoa akitengeneze vizuri tangu mwanzo. Kwa hiyo shule inakipata kitabu kikiwa karatasi au picha, inakiskani, inasahihisha makosa ukurasa kwa ukurasa, inaandika maelezo ya kila mchoro. Kazi hiyo huchukua wiki au miezi. Wakati kitabu kinakuwa tayari, darasa limeshafika sura nyingine, na mtihani hausubiri.

Ulaya imechagua njia tofauti. Tangu tarehe 28 Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitabu vya kidijitali vinavyouzwa katika soko lake viweze kusomwa na watu wenye ulemavu. Huko wajibu umewekwa kwa mtengenezaji na muuzaji.

Kwetu msingi wa kisheria upo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, Kenya na Uganda mwaka 2008. Ibara ya 21 inataka habari za umma ziwafikie watu hao kwa namna wanayoweza kuitumia, kwa wakati, bila gharama ya ziada. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inataja lugha ya ishara, maandishi ya Breli na njia nyingine za mawasiliano. Tatizo ni kwamba maneno haya hayajafika kwenye meza ya mtu anayeandaa tangazo.

Jibu la kawaida ni kwamba hakuna fedha. Kwa vitabu vya shule hoja hiyo ina uzito: kueleza ramani, michoro ya sayansi na hesabu kunahitaji watu waliofunzwa, na lazima bajeti itengwe. Kwa tangazo hoja hiyo haina nguvu. Tangazo lilianza likiwa maandishi kwenye kompyuta. Herufi zilikuwepo, zikapotea pale karatasi ilipopigwa picha.

Hoja nyingine ni ya muhuri, na tunaielewa. Matangazo ya uongo ni mengi, na watu huamini karatasi yenye saini. Suluhisho ni kutuma vyote viwili: picha yenye muhuri, na chini yake maneno yale yale yameandikwa. Maandishi hayo yanakula bando kidogo sana kuliko picha, kwa hiyo hata anayeona, mwenye mtandao dhaifu, anayapata kwanza.

Unachoweza kufanya leo

Ukiwa ni wewe unayetuma habari, iwe ya kijiji, kanisa, msikiti, ushirika au shule, andika maneno ndani ya ujumbe wenyewe. Picha ikiwa ya lazima, ieleze kwa sentensi moja. Usiandike "waliowekewa rangi nyekundu wamechaguliwa", taja majina yao. Video ya maelezo iwekee maandishi.

Ukitaka kujua kama PDF inasomeka, bonyeza neno moja kwa muda. Likishindikana kuchaguliwa na kunakiliwa, huenda ukurasa huo ni picha. Mwombe aliyetuma faili la awali.

Ukitaka kujaribu TalkBack, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, ambayo kwenye simu za Kiingereza huandikwa Accessibility. Kumbuka kwamba ikishawaka, mguso mmoja unasoma na miwili inafungua. Jifunze kwanza namna ya kuizima, na ukae na mtu aliyeizoea kwa siku ya kwanza.

Na kwenye mkutano ujao wa kijiji, mwombe mtendaji jambo moja: kila tangazo la picha lifuatwe na maandishi yake. Ombi hilo halihitaji bajeti wala sheria mpya.